Dhibu wa Bi Zeyana

Bi Zeyana alizikwa kijijini kwake, kama alivyotaka, lakini matanga yaliwekwa Mabela, mjini Maskati, kwa mwanawe mkubwa, kwa sababu kijijini hapakuwa na nyumba ya kuwaenea watu wote wale. Nilikwenda siku ya pili, baada ya alasiri. Ukumbi wa wanawake ulijaa mpaka barazani nje, viatu vimepandana mlangoni. Nikapeana mikono na mstari mzima wa wafiwa, nikatafuta pahala pa kukaa karibu na mlango wa jikoni, ambapo mtu husikia zaidi kuliko anavyosema. Walikuwa wakimzungumza marehemu kwa Kiarabu na Kiswahili, lugha zikipokezana katikati ya maneno. Mmoja alisema hajapata kumuona mwanamke mkali kama yule, mwengine akajibu kuwa ukali ulikuwa mdomoni tu, hakuna mgeni aliyeondoka kwake na njaa. Salha, binti yake, ambaye sasa ana mvi kama zangu, alinikuta pale akanishika mkono na kuninyanyua. "Mnamjua huyu?" akawauliza. "Huyu ndiye aliyemfungulia dhibu tundu mbele ya mama, na mama akamwachia." Msichana aliyekuwa akigawa kahawa alisimama na dele lake mkononi. "Dhibu wa kweli?" akauliza. "Hapa Maskati?" Nikamwambia si hapa hasa, ni nyuma ya milima ile anayoiona akienda Qantab, na kwamba nyanya yake alimjua dhibu huyo kuliko mimi. Nikamhadithia kwa ufupi, kama inavyofaa matangani. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani niliendelea kuhadithia peke yangu ndani ya gari, na jioni hiyo nikaanza kuandika.

Kwanza jina lake. Sisi watu wa pwani hatukuwa na mnyama huyu, kwa hivyo hatukumpa jina letu. Vitabu vinamwita mbwa mwitu, lakini mbwa mwitu wa bara ni mnyama mwengine, mwenye masikio ya duara na mabaka mwilini. Huyu wa Oman ni mwembamba, rangi ya mchanga, masikio makubwa ya kupoza mwili, na huishi wawili wawili au na watoto wao tu, kwa sababu milima hii haina chakula cha kulisha kundi kubwa. Waarabu wanamwita dhibu, na sisi tuliotoka Unguja tukamwita vivyo hivyo. Ndilo jina nililozoea.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka masomoni na kuajiriwa katika ofisi moja ya serikali iliyoshughulikia wanyama pori, na nikakaa Mabela kwa mama mdogo, Bi Shekha. Mabela ya wakati huo ilikuwa mchanga na nguzo za nyumba ambazo hazijaisha. Chumba changu kilikuwa juu, karibu na paa, chenye dirisha lililotazama nyumba tatu zisizo na milango, na kila alfajiri mafundi walianza kugonga kabla sijamaliza kusali. Bi Shekha alipika kana kwamba tuko kumi. Wali wa nazi, mchuzi wa papa, sahani ya achari ya ndimu aliyoitia mwenyewe kwenye magudulia na kuyaanika juani juu ya paa, mlangoni pangu, hata nguo zangu zikanuka pilipili. Alasiri wenzake walikuja, nami nikiwa juu niliyasikia maneno yao yakipanda ngazi. "Na huyo mtoto wa dada yako anafanya kazi gani?" aliuliza mmoja siku moja, mama mwenye mtoto wa kiume anayetafutiwa mke. "Serikalini," alijibu Bi Shekha. "Serikalini wapi?" "Ofisini," akasema, kisha akabadilisha maneno, akauliza bei ya mafuta na sukari. Hakutaka kusema kuwa juma lile nilirudi na fuvu la mbweha ndani ya mfuko wa dukani, na kwamba nililichemsha kwenye jiko la gesi la uani mpaka likatoka nyama.

Ofisini kwetu, mwisho wa ukumbi mrefu, mafuvu kama lile yalijaa rafu nzima. Chumba kilikuwa na meza mbili, yangu na ya Dakta Humaid, tabibu wa wanyama aliyekuwa mkubwa wangu. Alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini hivi, mama yake mtu wa Unguja, na alipokuwa hataki wengine wajue anasema nini, alinigeukia na kunisemesha Kiswahili. Ilikuwa ndiyo siri yetu ya kazi. Mbele ya wakubwa, mbele ya wachungaji, mbele ya madereva, tulishauriana kwa Kiswahili tukirudi kwenye Kiarabu kama watu waliokuwa wakiulizana saa. Mambo yakanyooka hivyo mpaka siku tuliyoitwa kijijini kwa Bi Zeyana.

Aliyepiga simu ni Salha. Alikuwa mwalimu wa skuli ya kijiji, wa rika langu, na alizungumza upesi kama anayeogopa kukatishwa. Alisema mbuzi wa mama yake wameuawa zizini, wengi, kwa pigo moja, na wanaume wa kijiji wakatega tundu la vyuma na nyama ndani, na sasa dhibu yumo tunduni. Baada ya sala ya adhuhuri watampiga risasi na kumtundika kwenye mgunga wa njia panda, kama ilivyo ada, ili dhibu wengine waone. "Mwanzoni nilitaka auawe," alisema. "Lakini asubuhi nimekwenda kumtazama." Dakta Humaid alichukua mkoba wake, nami nikachukua chupa za maji, tukaondoka.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kimo ndani ya wadi, bonde la mawe lenye maji kidogo, na milima imekisimamia pande zote, milima isiyo na udongo, mawe tu, ya rangi ya kahawia iliyoungua. Mitende ilipangwa chini kando ya mfereji wa falaji. Tulipofika, wanaume walikuwa wamekaa kivulini, na bunduki imeegemezwa ukutani miongoni mwao kama mgeni mwenzao. Tundu lilikuwa juani. Ndani yake alikuwemo mnyama mdogo kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimewasoma miaka minne bila ya kumuona hata mmoja aliye hai. Hakubweka wala hakuonyesha meno. Alijibana kwenye kona ya mbali akatutazama kwa macho ya manjano, ulimi nje, mbavu zikienda mbio. Nilimsogezea bakuli la maji kwa kijiti. Hakulitazama. Dakta Humaid alichuchumaa, akainama mpaka shavu lake likakaribia mchanga, akatazama chini ya tumbo la mnyama yule kwa muda mrefu. "Jike," akaniambia kwa Kiswahili. "Na chuchu zimejaa. Ana watoto milimani, na tangu jana hawajanyonya."

Tukaenda zizini. Lilikuwa uzio wa matawi makavu na vipande vya wavu, usioweza kuzuia kuku. Mizoga ilikuwa bado pale, imefunikwa maturubali, na Dakta akanitaka niitazame mimi mwanzo. Ndiyo ilikuwa kazi niliyofundishwa. Dhibu anapoua hushika koo, na anaua ili ale, anaanzia tumboni. Mbuzi wale walikuwa wametafunwa miguu ya nyuma, mikia na masikio, wamekimbizwa wakaangushwa mmoja juu ya mwengine, na hapana hata mmoja aliyeliwa shibe. Karibu na birika, mahali udongo ulipolowa, palikuwa na nyayo. Unyayo wa dhibu wa Arabuni una alama yake: vile vidole viwili vya kati vimeungana kwa nyuma. Hizi zilikuwa pana na zimetawanyika, za ukubwa mbalimbali, vidole vimeachana. Mbwa. Kundi la mbwa. Na hapakuwa na haja ya kuuliza wametoka wapi, kwa sababu tulipokuja tulipita jaa jipya chini ya wadi, ambapo malori ya mji uliokuwa ukikua yalimwaga taka, na mbwa wasio na wenyewe walikuwa wamelala juu yake kama mbuzi wa kufugwa.

Ingeishia hapo, tungerudi Maskati tukijisifu. Lakini nilipanda kidogo mlimani kufuata njia ya mnyama yule, na kwenye jabali nikakuta kinyesi chake, nikakivunja kwa kijiti. Ndani yake palikuwa na nywele za sungura, mifupa ya panya, na kwato moja ndogo nyeusi, laini, ya kitoto cha mbuzi. Nikateremka nayo mkononi. Wanaume walikuwa wamesimama sasa, wametuzunguka, na nyuma yao mwanamke mmoja mrefu aliyevaa leso ya rangi ya machungwa, ameshika fimbo ya kuchungia. Dakta alipoiona ile kwato alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya kuuliza saa, "Tia mfukoni. Sema mbwa tu, basi. Tukitaja kitoto hiki watampiga risasi sasa hivi."

"Mseme kweli tu, wanangu," alisema yule mwanamke. "Mimi nimezaliwa Tabora."

Salha, ambaye alikuwa amesimama karibu na mama yake, aliweka mkono mdomoni. Bi Zeyana alitufikia, akanyoosha kiganja, nami nikamuwekea ile kwato. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kipana na cha taratibu, na alikitumia kwa raha, kama mtu aliyepata nafasi baada ya siku nyingi. "Nyie Waunguja," alisema, "mkisema Kiswahili mnadhani mmefunga mlango. Haya, binti. Nani kala mbuzi wangu?"

Nilimtazama Dakta. Hakunisaidia. Nikamwambia Bi Zeyana yote, kwa mpango, nikimwonyesha mizoga na nyayo kadiri nilivyosema. Kwamba mbuzi waliokufa zizini waliuliwa na mbwa wa jaani, na dhibu yule hakuwagusa. Kwamba aliingia tunduni kwa sababu alinusa nyama na ana watoto wa kulisha. Na kwamba vitoto vya mbuzi vilivyokuwa vikipotea mlimani tangu mwanzo wa mwezi, si vyote, lakini baadhi, ni yeye. "Huyu hapa," nikasema, "ni mmoja wao."

"Nilijua wanapotea," alisema. "Nilidhani chui, kisha nikakumbuka chui huku wamekwisha." Akaigeuza ile kwato. "Na hao watoto wake wangapi?"

"Sijui. Lakini wakikosa maziwa mpaka kesho watakufa."

Mpwa wake, kijana mmoja aitwaye Said aliyekuwa mwenye bunduki, akaionyesha ile kwato kwa kidole, akaingia kati kwa Kiarabu. Alisema hakuna haja ya maneno, mwizi keshakamatwa na amekiri. Baadhi ya wanaume wakacheka. Bi Zeyana alimpa mgongo. Aliniuliza mimi, "Nikimwachia, mbuzi wangu nani atawalinda? Serikali?" Nilitaka kumueleza kuwa dhibu mmoja mwenye eneo lake huwaweka mbali mbwa wa jaani, na kwamba akifa yeye, mbwa ndio watakaopanda mlimani na kuzaana na dhibu waliobaki mpaka asibaki dhibu hata mmoja wa asili. Yote hayo yalikuwa kweli na yote niliyasoma. Lakini nilimtazama usoni nikaona hataki darsa. Nikasema, "Mimi. Nnakuja kila Alkhamisi mpaka tulijenge zizi lisiloingilika." Dakta Humaid akakohoa. Bi Zeyana alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakitazama kama anavyotazamwa samaki sokoni. "Kwa mikono hii?" akasema. Kisha akamgeukia Said na kumwambia kwa Kiarabu kuwa mbuzi ni wake, si wa kijiji, na aipeleke bunduki nyumbani. Akanielekeza tunduni kwa fimbo. "Haya. Mfungulie wewe, uliyemtetea."

Niliuvuta mlango juu kwa kamba. Dhibu hakutoka. Tulingoja mpaka nikaanza kuogopa kuwa tumechelewa. Kisha alitoka chini chini, miguu migumu, akayumba, na badala ya kwenda mlimani akakata katikati ya mbuzi waliosalia, ambao walitawanyika kila upande wakipiga kelele. Wanaume wakalaani. Yeye hakumgusa hata mmoja. Alivuka mfereji wa falaji, akasimama humo akanywa maji kidogo, miguu ndani ya maji, kisha akapanda majabali upande wa pili kwa mwendo ambao macho yangu hayakuweza kuufuata. Nilibaki na ile kamba mkononi.

Bi Shekha nilimhadithia usiku ule kwenye chakula, na nilitarajia atanikemea. Aliweka kijiko. "Tangu enzi za Nabii Yusuf dhibu anasingiziwa," alisema. "Ndugu zake walipoleta kanzu yenye damu wakadai dhibu kamla, hawakukumbuka kuichana." Akanitia samaki mwengine sahanini. Tangu siku hiyo alipoulizwa kazi yangu alijibu kuwa mtoto wa dada yake ni mtetea wanyama waliodhulumiwa, na yule mama mwenye mtoto wa kiume hakurudi tena, na Bi Shekha hakusikitika.

Alkhamisi wakati ule ilikuwa siku ya mapumziko, na zangu zote za miezi ile nilizimalizia kijijini. Kujenga kwa mawe si kazi ya kujifunza kwa kutazama. Nilikuwa nnaweka jiwe, Bi Zeyana analitoa na kuligeuza, nalo linakaa. Alinifundisha kutafuta uso wa jiwe. Salha alichanganya udongo baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, na hata Said, aliyekuja mwanzo kutucheka, alichoka kutuona tukikosea akaanza kubeba. Kuta zilipopanda kuliko kichwa changu tuliweka paa la wavu na makuti, na mlango wa mbao ulioziba mpaka chini. Mchana tulikula ndani, kwenye chumba chake kirefu chenye mikeka na mto mmoja tu wa kuegemea, ambao alipewa mgeni aliyechoka zaidi. Alipika ugali. Nilikuwa sijawahi kula ugali katika Oman. Aliupika kwa unga aliotumiwa na jamaa, kwa mchicha wa shambani mwake na dagaa wakavu wa pwani, na aliukata kwa uzi. Tukila alitusimulia fisi wa Tabora, jinsi walivyolia nyuma ya duka la kwao, na kwamba alipofika Oman akiwa msichana alishangaa usiku wa huku ulivyo kimya. "Nilidhani hii nchi haina kitu," alisema. "Kumbe wapo, wana adabu tu, hawapigi kelele." Nikiwa mtu mzima nimesikia wataalamu wengi wakieleza kwa nini dhibu wa Arabuni halii sana. Sijasikia maelezo niliyoyapenda kuliko hayo.

Zizi lilikwisha, lakini jaa lilikuwa pale pale. Ofisi yetu iliwaandikia wahusika wa taka, wakajibu kwamba jambo linachunguzwa. Asubuhi moja nilifika kazini nikamkuta Bi Zeyana amekaa kwenye kiti cha ukumbini, na fimbo yake, na mfuko wa ndimu kwa ajili yangu. Alikuwa amekuja na lori la mboga. Alitaka apelekwe kwa mkubwa wa taka mwenyewe. Dakta Humaid, ambaye tangu siku ya kwanza alimuogopa kidogo, alitupeleka kwa gari lake. Tuliambiwa mkubwa ana mkutano. Bi Zeyana akasema atangoja, akavua viatu, akakunja miguu juu ya kochi la ngozi, akaanza kutafuna tende alizofunga kwenye leso. Wafanyakazi walipita na kupita. Mwisho mkubwa alitoka mwenyewe, kijana mwenye haya, akamuamkia kama mtu anavyomuamkia mama yake, na akamuuliza shida ni nini. "Dhibu nimeshapatana naye," Bi Zeyana alimwambia. "Nimebaki na mbwa, na mbwa ni wenu." Haukupita muda mrefu jaa likafukiwa, malori yakapewa mahali pengine penye uzio mbali na wadi, na mbwa wakakamatwa. Mimi na Dakta tulikuwa tumeandika kurasa nyingi kuhusu jambo lile. Alizisoma tena jioni ile mezani kwake, akatikisa kichwa, akacheka peke yake.

Halafu joto likaingia, na Alkhamisi moja tulipokuwa tunakaribia kijijini nikaona kitu kimening'inia kwenye mgunga wa njia panda. Nilimwambia dereva asimame. Alikuwa dhibu dume, mkubwa kuliko yule jike, ametundikwa kwa miguu ya nyuma. Aliuliwa na watu wa bonde jengine, ambao hawakujua maafikiano yetu wala hawakuwa na wajibu wa kuyajua. Vidole vya kati vilikuwa vimeungana. Nilikaa chini barabarani nikalia. Dhibu hulea wawili: mmoja anawinda, mmoja anabaki na watoto, na wanapokuwa wakubwa kidogo wote wawili wanawaletea nyama. Jike peke yake, katika kiangazi cha mawe yale, nilijua hesabu yake. Bi Zeyana alikuja kwa miguu, amepewa habari. Hakuniambia ninyamaze. Alikata kamba kwa kisu cha jikoni, akamwita Said, wakamfukia yule dume chini ya mawe hapo hapo. Kisha akapanda kwenye gari letu, akamwamrisha dereva ampeleke bonde lile jengine. Alikaa huko mpaka magharibi, akizunguka nyumba kwa nyumba, akinywa kahawa ya kila mtu. Sijui aliwaambia nini. Ninachojua ni kuwa mwaka ule hatukuona mwengine ametundikwa, na baada ya miezi kadhaa, watu wawili miongoni mwao walikuja kutazama zizi letu linavyojengwa.

Nilimuomba Dakta tupeleke nyama mlimani, mizoga tu, mbali na watu, tumsaidie jike. Alikataa, na hakukataa kwa ukali. Aliniambia dhibu aliyezoea mkono wa mtu humfuata mtu, na dhibu anayemfuata mtu hafiki mwaka. "Tumempa mlima wake," alisema. "Sasa tumwachie aishi humo." Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba mawe. Nilikwenda kila juma, nikakagua njia zile nilizozijua, na mara nyengine nikakuta nyayo zake na mara nyengine nisikute kitu. Nyayo ndogo sikuziona. Salha aliacha kuniuliza.

Leo wale vijana wanaofanya kazi niliyokuwa nikiifanya wanaweka kamera kwenye majabali, na wanapata picha bila ya kukaa juani. Wananionyesha kwenye simu zao: dhibu huyu anapita, na huyu, na huyu ana mkia wa kutia shaka, kama wa mbwa, tumpime. Mji umepanda mpaka miguuni mwa milima, na Mabela yangu ya mchanga ina taa nyingi kuliko nyota. Hata hivyo wapo. Kila ninapoulizwa kama nna matumaini, nafikiria watu wanaodhani tumaini ni kitu cha kuwa nacho kabla ya kazi. Mimi mwaka ule sikuwa nalo nusu ya wakati. Nilikuwa na ahadi tu, niliyoitoa kwa pupa mbele ya watu wenye bunduki, na mwanamke aliyekuwa akinitazama kama nitaitimiza.

Zilipoiva tende, Bi Zeyana alinitaka nilale kwake ili nisaidie kuvuna mapema kabla ya jua. Aliniamsha baada ya sala ya alfajiri, tukapanda juu ya paa kutandika majamvi ya kuanikia. Mwanga ulikuwa wa kijivu. Salha alikuwa nyuma yetu na kikapu. Bi Zeyana akanishika mkono ghafla, vidole vyake vigumu kama mizizi, akanionyesha chini, kwenye mitende ya mwisho, ile iliyo karibu na majabali. Jike alikuwa amesimama nje ya kivuli, amekonda mno, masikio mbele, akitazama nyumba. Alijua tupo. Nyuma yake, chini ya mtende, kulikuwa na vitu viwili vinavyocheza, miguu mirefu, masikio makubwa kuliko vichwa vyao. Mmoja alikuwa anatafuta kitu mchangani, anaokota, anatafuna, anaokota tena. Ilinichukua muda kufahamu kuwa alikuwa akila rutabu, tende laini zilizoiva, zilizoanguka. Salha alikaa kitako juu ya paa, kikapu mapajani.

Tuliwatazama mpaka mama yao alipogeuka, nao wakamfuata juu ya majabali mmoja baada ya mwengine. Jua likachomoza. Bi Zeyana, ambaye hajapata kuiacha hata tende moja ilale chini, ambaye aliwatuma watoto wa kijiji kuokota mpaka zilizoliwa na ndege, alisimama akiutazama ule mtende kwa muda.

"Salha," alisema, "zilizoanguka upande ule wa mwisho mwaka huu msizizoe."

Alinitazama mimi kwa pembe ya jicho.

"Na wewe mwambie daktari wako sikumlisha mtu. Zimeanguka zenyewe."